Miaka 25 ya Kuimba na Kusemwa: Historia Fupi ya Kwaya Yetu



Kamati ya Yubilei ilipotupa kazi ya kuandika historia ya kwaya, ilitupa pia orodha ya mambo yasiyopaswa kusahaulika: majina ya wenyeviti na walimu wa kwaya tangu mwanzo, kanda tulizorekodi, mashindano tuliyoshinda na safari tulizofanya. Orodha hizo zote mtazikuta mwishoni mwa kijitabu hiki. Katika kurasa hizi tumeomba ruhusa ya kueleza jambo lisiloingia kwenye orodha, nalo ni namna tulivyosemwa, tulivyojibu vibaya, na tulivyofundishwa kujibu vizuri zaidi. Bila jambo hilo, tunaamini, kusingekuwa na kwaya ya kufanyiwa Yubilei leo.

Tulivyoanza

Tulianza tukiwa watu 11. Wanawake walikuwa 8 na wanaume 3, na kati ya hao wanaume mmoja tu ndiye aliyeweza kuimba besi bila kuhamia sauti ya wenzake katikati ya ubeti. Wengi wetu tulikuwa tukishuka kutoka Uthiru, Kangemi na Kabete, tukipitia Barabara ya Waiyaki kwa matatu au kwa miguu, na mazoezi yalikuwa Jumatano jioni na Jumamosi saa nane. Hatukuwa na kinanda. Mwalimu wetu wa kwanza aliandika solfa ubaoni kwa chaki, akatoa sauti ya kwanza kwa filimbi ndogo ya mdomoni, nasi tukafuata. Vitabu vyetu vilikuwa Nyimbo Standard na Tenzi za Rohoni, nakala moja kwa watu watatu.

Maneno ya kwanza dhidi yetu yalikuja mapema, tulipoleta ngoma na kayamba ndani ya kanisa. Wazee kadhaa walisema tumegeuza ibada kuwa ngoma ya harusi. Tukalichukulia jambo hilo kwa kicheko, kwa sababu vijana walikuwa upande wetu, na baada ya miaka miwili wazee walewale walikuwa wakipiga makofi kuliko sisi. Kwa hiyo tukadhani tunajua kusemwa. Tukawa na msemo wetu: mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Kila aliyetukosoa tulimjibu kwa msemo huo, na mara nyingi hatukusikiliza hata alichokuwa akisema.

Mwaka wa vyombo

Katika mwaka wa tisa tuliamua kununua kinanda cha umeme, spika mbili na maikrofoni. Tulifanya harambee baada ya ibada ya pili, na kwa miezi minne tukakusanya shilingi 180,000. Sehemu kubwa ililetwa mkononi. Nyingine iliingia kwa M-Pesa kwenye simu ya mhazini wetu, kwa sababu kwaya haikuwa na akaunti yake. Mhazini alikuwa mama mmoja wa sauti ya alto, muuza mboga katika soko la Kangemi. Hatutamtaja jina, yeye mwenyewe ametuomba hivyo, na wengi wenu mnamjua.

Tuliweka malipo ya kwanza katika duka moja la vyombo vya muziki mjini. Tukaambiwa mzigo utafika baada ya wiki tatu. Wiki tatu zikawa miezi mitano. Katika miezi hiyo mhazini wetu aliongeza kibanda cha pili pale sokoni. Kilikuwa kimetokana na zamu yake katika chama cha akina mama, lakini waliokiona hawakuuliza. Wakajumlisha: pesa zimekusanywa, vyombo havipo, kibanda kipya kipo. Kufikia Kwaresima ilikuwa ikisemwa waziwazi nje ya kanisa kwamba kwaya imekula pesa za Mungu, na kwamba tunaimba ili watu wasahau kuuliza.

Mtu aliyelisema kwa sauti kubwa zaidi alikuwa mmoja wa wenye heshima kanisani. Alilisema hata mbele ya watoto wa mhazini. Kwenye soko wateja wawili wa kanisa letu waliacha kununua kwake. Mama huyu hakukosa mazoezi hata Jumatano moja. Alikuja na thermosi ya chai kama kawaida, akamimina, akaketi katika mstari wa alto. Ni sisi tuliopandwa na hasira kwa niaba yake.

Tulifanya mambo mawili, na yote mawili tunayaungama hapa. Kwanza, tuliandika barua ya kurasa tatu kwa baraza la kanisa. Baadhi yetu ni walimu kwa kazi, na kalamu nyekundu tuliizoea. Tulichambua maisha ya yule mtu tangu ndoa yake hadi ada za shule alizokuwa akidaiwa. Pili, Jumapili ya Matawi tuligoma. Tulikuja kanisani tukaketi nyuma bila sare, tukafunga midomo. Asubuhi ile palikuwa na ubatizo. Familia moja ilikuwa imetuomba wiki tatu kabla tumwimbie mtoto wao. Kasisi alianzisha wimbo peke yake, akaupandisha juu mno, na mama wa mtoto akageuka kutuangalia. Hakusema kitu. Lile jicho tunalikumbuka kuliko masengenyo yote.

Mzee wa ushirika

Barua ilikuwa bado haijapelekwa. Ilikuwa kwenye mkoba wa katibu wa wakati ule, ikisubiri sahihi mbili. Jumatano ya juma lile alikuja mazoezini mzee mmoja wa ushirika wa Uamsho, mkaazi wa Kabete, ambaye alikuwa mvulana mdogo wazazi wake walipompeleka kwenye mkutano mkubwa wa mwaka 1949. Aliketi kwenye benchi la watoto, akaomba asomewe barua. Tulimsomea yote. Alipoulizwa maoni aliuliza maswali mawili.

La kwanza: "Mna daftari la hesabu?"

Tukasema lipo.

La pili: "Huyu mliyemwandikia akifa kesho, nanyi mwitwe kuimba, barua hii mngependa isomwe kabla ya wimbo au baada?"

Hakuna aliyejibu. Ndipo akaanza kutueleza habari za Kabete. Mengi tulikuwa hatuyajui, ingawa tulipita mahali hapo kila juma.

Waliosemwa kabla yetu

Kituo cha misheni ya CMS cha Kabete ni cha tangu mwanzo wa karne ya 20. Canon Harry Leakey alihudumu hapo kuanzia 1902, na mwanawe Louis, aliyekuja kujulikana duniani kwa kuchimba mabaki ya binadamu wa kale, alizaliwa hapo 1903. Lakini katika historia ya wokovu Kabete inakumbukwa kwa jambo jingine. Mwaka 1937 timu ya wahubiri kutoka Ruanda na Uganda, akiwamo Dakt. Joe Church wa hospitali ya Gahini, ilifika Kenya na kufanya mkutano hapo. Uamsho uliokuwa umeanza Gahini ukaingia kwetu. Mwaka 1949 mkutano mwingine wa Kabete ulikusanya maelfu ya watu, na wimbo wa Tukutendereza, ambao ni wa Kiganda, ukaimbwa na Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya na Wazungu pamoja, kila mtu bila kuutafsiri. Ndio huohuo tunaouimba mpaka leo ndugu wakisalimiana.

Watu hao wa Uamsho walisemwa sana. Waliungama dhambi zao hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaita watu wote ndugu bila kujali kabila wala rangi. Wakaambiwa wana kiburi, wanajifanya watakatifu, wanavunja siri za nyumbani mbele za watu, wanataka kuligawa kanisa. Kule Mukono, Uganda, mwaka 1941, wanafunzi 26 wa Chuo cha Askofu Tucker walifukuzwa kwa sababu ya mwenendo wao wa Uamsho, akiwamo William Nagenda. Wangeweza kuanzisha kanisa lao. Watu wengi katika Afrika Mashariki wameanzisha makanisa kwa maudhi madogo kuliko hayo. Wao wakabaki ndani ya Kanisa lililowafukuza chuoni, wakaendelea kushuhudia, na Nagenda akaja kuhubiri hata nje ya bara hili.

Mzee wetu alikuwa mkweli, hakuficha upande wa pili. Alisema baadhi ya maneno yaliyosemwa juu yao yalikuwa na haki ndani yake. Kulikuwa na ndugu waliowahukumu wachungaji kwa ukali, na wengine waliodhani asiyeungama kwa namna yao hajaokoka. "Tulipojifunza kusikiliza," alisema, "tuliona kwamba adui akikutupia matope, wakati mwingine yanaangukia mahali palipokuwa pachafu tayari."

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Hapa kusemwa kuligeuka kuwa jambo la kufa na kupona. Ardhi ilikuwa imechukuliwa kweli, na waliokula kiapo walikuwa na malalamiko ya haki. Ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo. Walisema wamekwisha kushiriki kikombe cha Kristo na hawawezi kuongeza kingine. Wakaitwa vibaraka wa wazungu. Wengi wao hawakukubali pia kushika bunduki za serikali, wakasema hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Wakaitwa waoga, na watu wanaoficha Mau Mau. Pande zote mbili ziliwasema kwa wakati mmoja, na maneno ya upande mmoja yalikuwa kinyume kabisa cha maneno ya upande wa pili. Baadhi yao waliuawa. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote huko Murang'a lilijengwa kwa kumbukumbu yao. Kwaya yetu ililitembelea katika safari ya mwaka wa 15. Mnaokumbuka safari ile mnakumbuka pia michoro mikubwa ya Elimo Njau ukutani, inayoonyesha maisha ya Yesu kana kwamba aliishi kwenye miteremko ya Murang'a.

Waliobaki hai walirudi vijijini baada ya vita na kukaa jirani na watu waliowasema. Mzee alikuwa kijana wakati huo. Alituambia kazi ngumu haikuwa siku ya vitisho. Ilikuwa ile miaka iliyofuata, ya kuchota maji kwenye mto mmoja na mtu aliyekuita msaliti, na kumwamkia kwanza.

Na waliosemwa mjini

Hatukulazimika kwenda mbali hivyo katika wakati. Tungepanda matatu mpaka katikati ya mji tungekuta mifano mingine, ya watu ambao wazazi wetu waliwasikia kwa masikio yao.

David Gitari alikuwa Askofu wa Mount Kenya East mwaka 1987. Wakati chama kilichotawala kilikuwa kimeamua watu wapige kura kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea, mtindo tulioujua kama mlolongo, yeye alihubiri Nyeri kutoka Danieli sura ya 6. Kwa siku nyingi wanasiasa walimshambulia magazetini na majukwaani. Yeye hakuchukua jukwaa la siasa kuwajibu. Alirudi mimbarani, akafungua Biblia mahali pengine, akaeleza tena. Aprili 1989 wahuni walivamia nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa akapiga kelele mpaka majirani wakaja kumwokoa. Aliendelea kuhubiri, na mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu.

Karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi kuna Kanisa la St Andrew's la ndugu zetu wa PCEA. Hapo, siku ya Mwaka Mpya 1990, Kasisi Timothy Njoya alihubiri kwamba yaliyozipata serikali za chama kimoja Ulaya Mashariki ni funzo kwa Afrika. Viongozi wa serikali walimkemea kwa maneno makali, na wengine wakataka afungwe. Desemba 1991, kabla ya miaka miwili kwisha, kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Waliomkemea hawakupanga foleni kumwomba radhi.

Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, lile ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917, wakawapiga watu waliokuwa wakiombea mabadiliko ya Katiba. Njoya alikuwa mmoja wa waliopigwa. Askofu Mkuu Gitari baadaye aliongoza ibada ya kulitakasa kanisa. Juni 1999 Njoya akapigwa tena, mbele ya Bunge, picha zake zikaenea ulimwenguni. Akasema hadharani kwamba amewasamehe waliompiga. Hakuacha kudai kile alichokuwa akikidai. Hilo ndilo lililotushangaza sisi vijana wa wakati ule: kwamba mtu aweza kusamehe na bado arudi barabarani kesho yake kusema jambo lilelile.

Twajua kinanda kilichochelewa si Katiba ya nchi, na masengenyo ya nje ya kanisa si rungu la polisi. Lakini mwalimu hufundisha kugawanya kwa maembe manne kabla ya kugawanya maelfu. Sisi tulikuwa bado kwenye maembe manne, na tulikuwa tumeshindwa.

Biblia ilivyosema nasi

Juma lile, ambalo lilikuwa Juma Kuu, badala ya mazoezi tulisoma. Tulisoma 2 Samweli 16, pale Shimei anapomtukana Daudi na kumrushia mawe na mavumbi, na Abishai anaomba ruhusa akamkate kichwa. Tulijiona katika Abishai kabisa. Daudi alikuwa anafukuzwa na mwanawe, yu mchovu, na bado akasema aachwe. Huenda Bwana akaangalia. Akaendelea na safari yake, na mtu yule akaendelea kutembea ubavuni mwa kilima akitukana. Hakuna aliyesema matusi yalikoma.

Tulisoma pia Yohana 18:23, na hapo tukaona kitu ambacho hatukuwa tumekiona. Yesu alinyamaza mara nyingi, lakini alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza sababu. Hakurudisha kofi, wala hakujifanya halikuuma. Na tulisoma 2 Wakorintho 8, Paulo anaposafirisha mchango wa maskini wa Yerusalemu. Hakuubeba peke yake akisema Mungu anaujua moyo wangu. Alituma ndugu kadhaa pamoja na Tito, ili mtu yeyote asipate nafasi ya kulaumu. Aliona ni vema mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za watu pia.

Hapo ndipo swali la mzee kuhusu daftari lilipoeleweka. Tulikuwa tumeandika kurasa tatu juu ya mwenzetu, na hata ukurasa mmoja juu ya pesa hatukuwa tumeandika.

Daftari lafunguliwa

Mhazini aliomba jambo moja tu: asomewe watu hesabu, na jina la mtu yeyote lisitajwe. Ijumaa Kuu usiku tulikaa vestri na daftari, risiti, ujumbe wote wa M-Pesa na stakabadhi ya duka. Kila mchango uliandikwa. Malipo ya kwanza yalikuwepo, yamepigwa mhuri. Baki lilikuwepo. Lakini shilingi 1,850 hazikuwa na risiti. Tulikumbuka baadaye: nauli za kamati kwenda mjini mara kadhaa, na chai siku ya harambee. Sisi kamati ndio tuliozitumia. Mhazini alizitoa kwa sababu tuliomba, na hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo ukweli ulikuwa huu. Tuliitwa wezi, na wizi haukuwepo. Lakini uzembe ulikuwepo, na ulikuwa wetu. Tulichanga shilingi 1,850 kutoka mifukoni mwetu usiku uleule.

Jumapili ya Pasaka, baada ya matangazo, mwenyekiti alisimama pamoja na mhazini. Alianza kwa kuwaomba radhi washarika na ile familia ya ubatizo kwa mgomo wetu. Kisha mhazini akasoma hesabu, mstari kwa mstari, kwa sauti ileile ya alto. Alipofika kwenye 1,850 aliisoma kama nyingine zote. Akaweka nakala ubaoni na kwenda kuketi. Hakusema amedhulumiwa. Kila aliyekuwa na masikio alielewa.

Vyombo vilifika wiki sita baadaye. Kinanda kile mtakisikia leo. Kibonyezo kimoja cha chini hakilii tangu mvua ya mwaka wa 18.

Kutoka hapo kwaya ilifungua akaunti yenye watia sahihi watatu, na hesabu husomwa kila robo ya mwaka. Mhazini aliyesingiziwa ndiye aliyependekeza hivyo, na alisema kwa nini: mhazini ajaye asije akalala bila usingizi kama yeye.

Isiyo na mwisho mzuri

Tungependa kuwaambia kwamba yule aliyeanzisha maneno alisimama kanisani akaomba radhi. Hakusimama. Wenzetu wawili, soprano mmoja na tena mmoja, waliona tumekuwa wapole mno, wakahama kanisa. Hawajarudi, na sauti zao hatujawahi kuzipata tena. Wateja wawili wa soko, mmoja alirudi.

Barua haikupelekwa. Katibu aliichoma jikoni kwake.

Miaka minne baadaye mtu yule alifiwa na mama yake. Kasisi alitupigia simu: familia inaomba kwaya. Jumatano ile tulibishana. Mmoja alisema tutume watu watano tu. Mwingine akasema tuimbe nyimbo mbili tuondoke kabla ya chakula. Mhazini alikuwa akimimina chai. Aliuliza tu sare itakuwa ipi, ya zambarau au nyeupe, maana yake ya zambarau ilihitaji kupigwa pasi. Mjadala ukaishia hapo.

Tulikwenda wote, watu 27, tukaimba kuanzia nyumbani hadi kaburini. Kuondoka, mfiwa alitushika mikono kwa zamu. Alipofika kwa mhazini aliushika mkono wake kwa muda mrefu, akainamisha kichwa, akapita kwa mwingine. Hatujui alimaanisha nini. Yeye hakusema, na mama hakumwuliza. Ila tulifurahi kwamba hapakuwa na barua yoyote kabatini yenye sahihi zetu.

Kwa watakaoimba baada yetu

Vijana wa kwaya, nyinyi ndio mtakaoandika historia ya Yubilei ya miaka 50. Mtasemwa. Mtasemwa kwa sababu ya nyimbo, sare, nani anashika maikrofoni, na pesa. Tunawaachia yale machache tuliyoyalipia.

Ulizeni kwanza kama neno lililosemwa ni kweli, hata kama limesemwa na mtu asiyewapenda. Mti wenye matunda hupigwa mawe, lakini ulioziba njia hupigwa pia, na mti wenyewe hauwezi kutofautisha mpaka uangalie ulipoota.

Lililo la uongo lijibuni kwa daftari, bila matusi. Nyamazeni pale heshima yenu tu ndiyo inayoumia. Semeni pale mwingine anapoumia, hasa mnyonge, kwa maana kusamehe hakukuwekwa ili kufunika dhuluma. Tuliposoma zile hesabu hatukuwa tunajitetea sisi; mama mmoja alikuwa anapoteza wateja.

Msiitumie ibada kama silaha. Mtoto yule wa ubatizo sasa ni kijana, na yumo katika mstari wa besi leo. Amesikia habari hii mara nyingi, na hututania kwamba tunamdai wimbo. Kwa hiyo wimbo wa tatu katika mpangilio wa ibada ya leo, wapendwa, ni wake. Tutauimba wote, naye atanyamaza asikilize.

 Mzee wetu wa Kabete alilala miaka michache baada ya hayo. Tulimzika tukiimba Tukutendereza, nasi tunaimba leo tukimkumbuka. Bwana azidi kutulinda katika umoja.

Ni sisi katika huduma ya uimbaji,
Katibu, kwa niaba ya Kwaya